Kabla hujaweka grafu inayocheza, weka nambari

Siku hizi ni nadra nipate mteja wa tovuti asiyeniuliza swali hili: "Na grafu zitacheza?" Anamaanisha zile grafu ambazo nguzo zake huinuka polepole ukurasa unapofunguka, na ukizigusa kisanduku kidogo kinajitokeza na nambari ndani yake. Ninaelewa anachotaka. Zinapendeza, na mkubwa wake akiziona ataamini kwamba pesa zimefanya kazi. Lakini leo nataka kusema jambo ambalo huenda likaninyima kandarasi moja au mbili: grafu nyingi za kubonyeza zilizoko kwenye tovuti zetu hazimsaidii msomaji, na nyingine zinampotosha.

Nisieleweke vibaya, sipingi grafu. Nazitengeneza, nalipwa kwa kuzitengeneza, na nikipata Jumamosi ya bure huwa naichezea D3 mpaka usiku. Ninachosema ni hiki. Ukimwekea msomaji kitu cha kubonyeza, umemwahidi jambo. Umemwambia, "Usiniamini bure, njoo ujikagulie mwenyewe." Basi awe na kitu cha kukagua. Akibonyeza na kupata mchezo tu, ahadi hiyo umeivunja.

Tofauti ya pikseli kumi

Tuchukue mfano ambao kila Mkenya anaujua. Tarehe 15 Agosti 2022 IEBC ilitangaza matokeo ya urais: William Ruto kura 7,176,141, yaani asilimia 50.49, na Raila Odinga kura 6,942,930, yaani asilimia 48.85. Tofauti ni kura 233,211.

Sasa chora nguzo mbili. Nguzo ya Ruto ipe urefu wa pikseli 300. Mhimili wa wima ukianzia sifuri, nguzo ya Odinga itakuwa na pikseli 290 hivi. Tofauti ni pikseli kumi, karibu upana wa herufi moja kwenye skrini. Hiyo ndiyo picha ya kweli: uchaguzi uliokaribiana sana.

Halafu rudia mchoro uleule, lakini mhimili uanzie asilimia 48. Nambari hazijabadilika hata moja. Nguzo ya kwanza inabaki na pikseli 300, ya pili inashuka hadi 102. Mtu akitupa jicho mara moja ataondoka akiamini mmoja alimshinda mwenzake karibu mara tatu.

Hakuna aliyesema uongo hapo. Pengine hata hakuna aliyekusudia, kwa sababu programu nyingi za kuchora, usipoziambia mhimili uanzie wapi, hujiamulia zenyewe. Nguzo zikiinuka kwa madoido, jicho linafuata mwendo na kusahau kuuliza zinaanzia wapi. Ndiyo maana kwangu hii ni sheria: grafu ya nguzo huanzia sifuri. Grafu ya mstari inaweza kuanzia kwingine, maana pale tunatazama mwelekeo, lakini nguzo tunasoma urefu wake.

Kilichotusaidia 2022 hakikuwa grafu

Tubaki kwenye uchaguzi kidogo, kwa sababu hapo ndipo jambo hili linapokuwa zito.

Mwaka 2017 tuliangalia nambari zikipanda kwenye skrini huku fomu nyingi za vituo zikiwa hazijawekwa hadharani. Kuona tuliona, ila kukagua ndiko kulikoshindikana. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilibatilisha uchaguzi wa urais, na namna matokeo yalivyosafirishwa ilikuwa miongoni mwa sababu kuu.

Mwaka 2022 IEBC ilifungua ukurasa wa fomu 34A. Ulikuwa ukurasa mkavu kabisa: unachagua kaunti, unachagua eneobunge, wadi, kisha kituo, na unapata picha ya fomu yenyewe. Vituo vilikuwa 46,229. Vituo vya televisheni vikaanza kujumlisha vyenyewe, na kwa kuwa kila kimoja kilikuwa kimefikia fomu tofauti, kuna wakati ulibadilisha chaneli ukakuta mtu mwingine ndiye anayeongoza. Grafu zilikuwa za kuvutia kweli, lakini watu walichanganyikiwa.

Ukurasa ule mkavu ndio uliomwezesha mwananchi wa kawaida, mwenye simu na muda, kujumlisha wadi yake mwenyewe. Kesi ilikwenda mahakamani tena, na tarehe 5 Septemba 2022 matokeo yakaidhinishwa. Unaweza kuwa uliipenda hukumu ile au uliichukia, lakini mabishano safari hii yalikuwa juu ya fomu ambazo kila mtu aliweza kuzifungua.

Mimi kama mtengenezaji wa tovuti nimejifunza hapo jambo moja. Kubonyeza kulikuwa na maana kubwa 2022, lakini ni kubonyeza kulikompeleka mtu kwenye ushahidi.

Kuna watu ambao grafu haiwezi kuwaonyesha

Mfano wa pili ni sensa ya 2019. Tulihesabiwa watu 47,564,296. Kwa mara ya kwanza walihesabiwa pia watu wenye jinsia mbili, na idadi yao ikawa 1,524. Wanawake walikuwa 24,014,716.

Jaribu kuwachora. Nguzo ya wanawake ikiwa na pikseli 500, nguzo ya hao 1,524 itakuwa na urefu wa pikseli 0.03. Skrini haiwezi kuchora kitu kidogo hivyo. Ukichora duara na kuligawanya vipande, hali ni ileile: kipande chao hakitaonekana. Watu waliopigania kuhesabiwa wanafutwa tena na mchoro, na mchoraji hana habari.

Andika "1,524" kwenye jedwali, na mara moja wapo. Nambari tupu inawatendea haki kuliko grafu yoyote ninayoweza kuiandikia msimbo.

Simu haina kipanya

Wasomaji wetu wengi wanatumia simu. Kisanduku kile kinachotokea ukipitisha kipanya juu ya nguzo kilibuniwa kwa ajili ya kompyuta ya mezani. Kwenye simu hakuna kupitisha, kuna kugusa tu. Kidole kimoja kinafunika nguzo tatu, na kisanduku kinatokea chini ya kidole chenyewe.

Mwaka 2016 Archie Tse, mmoja wa wakuu wa idara ya michoro ya gazeti la New York Times, alieleza kwa nini gazeti lao lilikuwa linapunguza michoro ya kubonyeza. Wasomaji wengi, alisema, wanataka kushuka tu na ukurasa. Na ukificha jambo ndani ya kisanduku cha kutokea, chukulia kwamba hakuna atakayeliona. Kama wao wenye timu nzima ya wachoraji walifikia hapo, sisi tunaofanya kazi hii watu wawili watatu tunang'ang'ania nini?

Halafu kuna bando. Maktaba ya kuchorea, hata ikibanwa, inaongeza makumi ya kilobaiti kwenye ukurasa, na simu ya bei nafuu inatoa jasho kuisoma kabla ya kuonyesha chochote. Anayelipia ni msomaji. Jedwali la kaunti zote 47 kwa HTML halizidi kilobaiti chache, na programu zinazomsomea mtu asiyeona zinaweza kulisoma mstari kwa mstari.

Grafu hufa, nambari hubaki

Wale mlioanza kuperuzi zamani mnaikumbuka Flash. Grafu za kucheza za miaka ile zilitengenezwa kwayo. Adobe iliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020, na vivinjari vikaifungia mlango. Aliyekuwa ameweka takwimu zake ndani ya Flash pekee alibaki na mraba mtupu. Google nayo ilikuwa na huduma ya kuchora grafu kama picha, iliyoanza 2007. Tovuti nyingi ziliitegemea, na ikazimwa 2019.

Maktaba tunazozitumia leo nazo zitakuwa na siku yao. Nambari zilizoandikwa kwenye ukurasa wenyewe hazimtegemei mtu.

Basi tufanyeje?

Sitaki kukuacha na lawama tupu. Hivi ndivyo ninavyofanya kazi, na unaweza kuiga au kupinga.

Kwanza, andika swali la msomaji kwa sentensi moja. Chama kimoja cha ushirika wa maziwa kiliwahi kuniletea mchoro wa ukurasa wenye grafu sita zinazozunguka. Niliwauliza mkulima anakuja pale kutafuta nini. Jibu lilikuwa: lita yangu imelipwa shilingi ngapi mwezi huu, na mwezi uliopita ilikuwa ngapi? Hizo ni nambari mbili. Tuliziandika kwa herufi kubwa juu ya ukurasa, na grafu moja ya mstari chini yake kuonyesha mwaka mzima. Kazi ikaisha mapema, na bei ikashuka, kwa hasara yangu.

Pili, anza na jedwali la HTML. Liweke kwenye ukurasa kabla ya kuandika mstari wowote wa JavaScript. Kisha JavaScript ilisome jedwali hilohilo na kuchora juu yake. Mtandao ukikatika katikati, msomaji anabaki na nambari. Highcharts ina njia yake ya kusoma jedwali moja kwa moja, na kwenye maktaba nyingine kazi hiyo ni mistari michache ya msimbo.

Tatu, chagua chombo kulingana na kazi. Chart.js ni ya bure na rahisi kuanza nayo, lakini inachora kwenye kanvasi, yaani mchoro mzima ni picha moja, na asiyeona hapati kitu humo usipomwekea maelezo pembeni. D3, iliyotoka 2011, nayo ni ya bure, na kwa kawaida hutumiwa kuchora kwa SVG, ambapo kila nguzo ni kitu chake. Inakupa uhuru wote, lakini inataka subira. Highcharts imekamilika zaidi, ila unailipia ukiitumia kibiashara. Kaunti 47 zinatosha kabisa kwenye SVG. Vituo 46,229, kila kimoja na nukta yake, vitakilemea kivinjari, na hapo kanvasi ndiyo dawa.

Nne, ruhusu kubonyeza pale tu ambapo jibu linatofautiana kwa kila msomaji. Sensa ni mfano mzuri. Nairobi ilikuwa na watu 4,397,073 na Lamu 143,920. Ukiziweka pamoja, Nairobi inaizidi Lamu mara thelathini, na Lamu inabaki kijistari. Mtu wa Lamu akiweza kuchagua kaunti yake na kuilinganisha na Tana River na Kilifi, kubonyeza kumempa kitu ambacho grafu moja isiyobadilika isingeweza kumpa. Hapo weka kitufe, tena kikubwa cha kutosha kidole gumba.

Tano, chini ya kila grafu andika nambari zimetoka wapi na ni za tarehe gani, na uweke kiungo cha kushusha faili ya CSV. Ni kazi ya dakika tano. Mwenye wasiwasi atashusha, atajumlisha mwenyewe, na akikuta kosa atakwambia. Utakuwa umepata mhariri wa bure.

Najua wapo watakaosema watu hawasomi majedwali, wanataka picha. Ni kweli, picha huvuta. Hans Rosling alionyesha 2006 jinsi duara zinazosogea zinavyoweza kuwafanya watu washangilie takwimu za afya ya dunia. Lakini kumbuka Rosling mwenyewe alikuwa amesimama pale, akionyesha kwa mkono, akieleza kila duara ni nchi gani. Kwenye tovuti yako hakuna aliyesimama pembeni. Msomaji yuko peke yake, ndani ya matatu, na bando linakwisha.

Hasa kwetu hapa, ambako nambari za umma zimewahi kutugombanisha vibaya, sisi tunaozipanga kwenye skrini tuna wajibu. Mbunge atatumia grafu yako kwenye mkutano. Mwanafunzi ataipiga picha na kuituma kwa kundi la WhatsApp, na kisanduku chako cha maelezo hakitaonekana kwenye picha hiyo. Kitakachosafiri ni urefu wa nguzo peke yake.

Kwa hivyo jaribu hivi kwenye tovuti yako. Zima JavaScript kwenye kivinjari, fungua ukurasa wenye grafu, na uone kimebaki nini. Ukikuta nambari, chanzo na tarehe, basi washa tena na uzichezeshe grafu unavyotaka. Ukikuta mraba mtupu, unajua pa kuanzia. Wewe waonaje?