Makerere au Basi?



Ndugu wazazi na wanafunzi, kila matokeo ya S.6 yakitoka, hapa Oraba huanza maneno yale yale: Makerere au basi. Mtoto kapata nafasi Chuo Kikuu cha Muni, pale Arua, baba anaona aibu. Anauza ng'ombe, anauza na kiwanja cha kando ya barabara, ili kijana akajilipie Kampala kozi ile ile iliyopo Muni. Ukimuuliza sababu, jibu ni moja tu: jina.

Haya, tulitazame hilo jina. Makerere ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi. Sifa yake ilijengwa ilipokuwa ikichukua wachache waliochujwa kutoka Afrika Mashariki nzima. Akina Nyerere, Kibaki na Mkapa walipita pale. Mwaka 1992 mlango ukaanza kufunguliwa kwa wanaojilipia, na kabla ya miaka ya tisini kwisha hao walishawazidi wale wa serikali. Profesa Mahmood Mamdani, aliyefundisha hapo miaka mingi, alitoa kitabu kizima mwaka 2007 kueleza jinsi chuo kilivyogeuzwa soko. Novemba 2016 Rais Museveni alikifunga kwa mgomo wa wahadhiri waliodai malipo yao, kikafunguliwa Januari 2017. Mzazi wa leo ananunua sifa ya wakati wa Kibaki, lakini darasa analoingia mwanawe ni jingine kabisa.

Na sisi watu wa Koboko tungepaswa kuwa wa mwisho kubabaishwa na vyeo vya chuo. Mwaka 1976 Makerere ilimpa Idi Amin, mwenye asili ya hapa hapa kwetu, udaktari wa heshima wa sheria. Wa sheria! Makamu mkuu wa chuo hicho hicho, Frank Kalimuzo, alikuwa amechukuliwa mwaka 1972 chini ya utawala wake na hakuonekana tena. Joho lilitoka mahali penye jina. Je, lilithibitisha elimu gani?

Wanazuoni wetu wa zamani walikuwa na ijaza. Ijaza haikutaja jengo. Ilitaja mwalimu aliyekusomesha, na mara nyingi kitabu ulichokisoma kwake. Mtu aliulizwa, "Umesoma kwa nani?" Sisi tunauliza, "Umesoma wapi?" na tukishajibiwa tunanyamaza, tumeridhika.

Najua nitaambiwa waajiri wanatazama jina. Wapo, hasa Kampala. Na kijana aliyepata udaktari Makerere kwa udhamini wa serikali, aende hata leo, wala asingoje dua yangu. Hospitali ya Mulago iko palepale na wagonjwa ni wengi. Sizungumzii huyo. Namzungumzia anayekwenda kusomea ualimu wa sayansi mbali na kwao, kwa pesa ya kiwanja, ilhali sekondari zetu zinatafuta mwalimu wa fizikia na haziulizi kofia yake ilitoka wapi. Chuo cha Kiislamu cha Mbale kilipofunguliwa mwaka 1988 watu walikibeza pia. Leo waliosoma pale tunawaona maofisini na madarasani.

Tena kuna hesabu ambayo akina baba hawapendi kuifanya. Kiwanja kikishauzwa kwa ajili ya jina la kijana mmoja, dada zake wawili wanaomfuata watalipiwa karo na nini? Nimewafundisha mabinti hao madrasa. Baadhi yao wana vichwa kuliko kaka zao, na wako nyumbani.

Wabillahi tawfiq.