Unamuuzia wati, yeye anataka besi

Wauza sabufa wenzangu wa Mbalizi, na nyie mnaotuma mzigo kwa basi mpaka Tunduma au Makambako, tuongee kuhusu hii biashara ya "leta ya zamani, ongeza hela, chukua kubwa". Biashara yenyewe nzuri. Kinachoiua ni tunachoandika kwenye posti: "Wati 10,000 PMPO, besi ya kufa mtu!"

Piga hesabu kidogo. Umeme wa ukutani ni volti 230. Plagi ya pini tatu ina fyuzi, na kubwa yake ni ampea 13. Zidisha: haifiki hata wati 3,000. Sasa hizo 10,000 zinapita wapi? Geuza sabufa, soma maandishi ya nyuma karibu na waya wa umeme. Nyingi za mezani utakuta inakula wati 60, pengine 80. Hiyo ndiyo sabufa yako, maana haiwezi kuendelea kutoa nguvu kuliko umeme inaokula. PMPO ni namba ya kupambia boksi, kila kiwanda kinajiandikia. Inayopimika ni RMS. Na msisahau Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bidhaa, hata kama namba umeikuta tayari imeandikwa.

Ila mimi hofu yangu kubwa ni mteja. Chukua kinyozi mwenye sabufa ya wati 50 za kweli. Unamwambia aongeze hela achukue ya wati 100. Akifika saluni anawasha, anaona mbona ni ileile? Ana haki. Kuzidisha wati mara mbili kunaongeza desibeli 3 tu, sikio linasikia imepanda kidogo. Ili asikie kama imekuwa mara mbili, anahitaji nguvu karibu mara kumi. Kariakoo mteja aliyenuna anapotelea kwenye umati. Mbalizi mtakutana sokoni, na ameshawaambia wote aliowanyoa.

Kwa maoni yangu tuache kuuza wati, tuuze boksi. Besi inatengenezwa na boksi.

Boksi lenye tundu linatumia hewa ya kwenye tundu kuisaidia spika, kwa hiyo linatoa mshindo mkubwa kwa umeme mdogo. Hilo ndilo la kinyozi, la grosari, la mtu wa singeli. Ubaya wake, chini ya kiwango lilichotengenezewa besi inakatika ghafla, na ukilikamua sana tundu linaanza kupuliza kama mtu anayepooza chai. Boksi lililozibwa ni tofauti: hewa ya ndani inakuwa kama springi, inairudisha spika mahali pake. Besi yake ni kavu, gitaa likinyamaza nayo inanyamaza. Mwanakwaya anayetaka kusikia rekodi yao vizuri mpe hili, lakini mwambie mapema kwamba kwa wati zilezile halitapiga kelele kama la tundu. Kampuni ya SVS ya Marekani inatengeneza aina zote mbili. Kama moja lingekuwa bora kwa kila mtu, wasingehangaika.

Kuna la tatu, lenye diski isiyo na koili. Mmeliona kwenye JBL Charge, zile pembe mbili zinazotetemeka. Diski inafanya kazi ya tundu pale ambapo boksi ni dogo. Hata GoldenEar Triton One, spika za mnara za bei mbaya zenye sabufa humohumo ndani, zinatumia diski hizo.

Na hii minara yenye sabufa ndani, msiwauzie watu kama kwamba kila mtu anaihitaji. Inapunguza waya na inapendeza sebuleni, lakini pale iliposimama sauti ndipo inaposimama besi. Sabufa ya peke yake unaisukuma kwenye kona na kuta mbili zinaiongezea besi bure. Mteja akikuambia yake imechoka, muulize kwanza imekaa wapi. Ndiyo, siku nyingine utakosa mauzo kwa swali hilo. Mimi naona bado linalipa, maana siku akiwa na hela kweli atakuja kwako.

Halafu video. Mteja anaitazama kwenye simu, na kispika cha simu hakitoi besi ya chini kabisa. Anachosikia ni mkwaruzo. Mwandikie: spika inchi ngapi, boksi la mbao au plastiki, lina tundu au limezibwa, linapima kilo ngapi, nyuma imeandikwa wati ngapi. Piga picha ya maandishi hayo, na ya tundu lenyewe.

Upande wa ile ya zamani unayopokea, usikubali bei kabla ya kuipima. Bonyeza spika taratibu kwa vidole vya mikono yote miwili. Ikikwaruza ndani, koili imeshaharibika. Kisha toa waya wake na uweke mita. Spika ya omu 4 nzima husoma 3 na kitu. Mita isiposoma kitu, koili imekatika, na hapo unachopokea ni boksi na amplifaya. Fundi akitaka kuweka spika nyingine, iwe ya omu zilezile. Akiweka ya omu 2 penye 4, amplifaya itaungua mikononi mwa mteja wako anayefuata.