Kura ya Diwani na Utunzaji wa Nyumba ya Wote

Katika uchaguzi mkuu, Watanzania huitwa kupiga kura tatu: ya Rais, ya Mbunge na ya Diwani. Mazungumzo mengi huishia katika hizo mbili za kwanza. Wapendwa waamini, katika tafakari hii twapenda kuitazama ile ya tatu. Kwa mkulima wa Muleba na kwa mkazi wa bondeni mjini Bukoba, mabadiliko ya tabianchi hubisha hodi kwanza katika kata.

Dalili zake tunazijua. Mwaka 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipanda na kuvuka rekodi iliyowekwa mwaka 1964; mwaka 2024 yakapanda tena zaidi ya hapo. Kwa wakazi wa mialo na visiwa vya Muleba, kama Bumbire na Goziba, ziwa likipanda hutishia nyumba, vyoo na mahali pa kuanikia dagaa. Mjini Bukoba, Mto Kanoni hupita katikati ya makazi kabla ya kuingia ziwani, na mvua kubwa ikinyesha, walio kando yake hawalali. Kuelekea Burigi taabu ni nyingine: mvua ni chache kuliko za ukanda wa ziwa, na zikichelewa maharage hukauka kabla ya kuweka maganda.

Je, wagombea wanatuambia nini? Ilani za vyama huandikwa kwa ajili ya taifa zima, na ndani yake neno mazingira halikosekani. Lakini ilani ya taifa haijui ni kalavati lipi limeziba, wala ni chemchemi ipi imekauka. Hapo Mafundisho Jamii ya Kanisa hutukumbusha kanuni ya auni: linaloweza kufanywa vema na ngazi ya chini lisinyang'anywe na ngazi ya juu. Wala ngazi ya chini isilikimbie kwa kisingizio cha kungoja wakubwa.

Diwani hakuchaguliwa apeleke maombi tu. Ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata. Na akiwa katika Baraza la Madiwani hupitisha bajeti, hutunga sheria ndogo na huisimamia kazi ya mkurugenzi na wataalamu wake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazitaka halmashauri ziwe na afisa mazingira na ziandae mpango wa mazingira. Mgombea asemaye kwamba tabianchi ni suala la Serikali Kuu peke yake, ama hajui kazi anayoiomba, ama anatafuta pa kujificha.

Mkoa wetu unao ushahidi wa nguvu ya ngazi hiyo. Mwaka 2006 ugonjwa wa mnyauko bakteria wa migomba uligunduliwa Muleba, ukatishia uhai wa kibanja chenyewe. Dawa ya kunyunyizia haikuwapo. Kilichofaa ni kung'oa migomba iliyoambukizwa, kuondoa ua dume mapema na kusafisha mapanga. Na kazi hiyo ilishika pale viongozi wa vijiji na kata walipoisimamia, pamoja na sheria ndogo. Hakuna aliyefurahi kung'oa mgomba wake. Lakini asiyeng'oa alimwambukiza jirani aliyeng'oa. Hayo ndiyo mafao ya wengi, yaliyosomwa shambani.

Basi ahadi za sasa zipimwe kwa kipimo hicho. Barabara bila mifereji na makalavati ni ahadi ya msimu mmoja. Kupanda miti ni jambo jema, lakini tuulize ni mti gani na mahali gani. Mikaratusi kando ya chemchemi hunywa maji ya kijiji. Na rweya yote ikifunikwa na miti ya paini, mwenye kibanja atakata wapi nyasi za kutandaza chini ya migomba na mibuni, na ng'ombe ampaye mbolea atalishwa wapi?

Lililo gumu zaidi ni hili. Sheria hiyohiyo inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Wengi waishio humo ni watu waliokosa kiwanja kwingine, nao wana kura. Kwa hiyo yuko mgombea atakayenyamaza asiwaudhi. Na yuko atakayeahidi kuwaondoa wote mara moja, bila kusema watalala wapi. Wote wawili wamekosea. Papa Fransisko, katika Waraka wa "Laudato si'" wa mwaka 2015, alifundisha kwamba utunzaji wa mazingira hautenganishwi na haki kwa maskini, na katika namba 178 akaonya juu ya siasa inayotafuta matokeo ya haraka tu. Mgombea wa kweli ataeleza viwanja vitapimwa wapi na kwa fedha ipi, na nani ataanza kuhamishwa. Ataeleza pia kitakachofanyika kabla ya mvua ijayo: mifereji kusafishwa, taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa kuufikia kila mtaa, na mahali pa kukimbilia kujulikana.

Wajibu haumwangukii mgombea peke yake. Tukimnyima kura aliyetuambia ukweli mchungu, tutawafundisha wengine wote kutudanganya.

Kanisa halina chama wala mgombea. Lina dhamiri za kulea. Tunazisihi Jumuiya Ndogo Ndogo ziyazungumze mambo haya kabla ya siku ya kura, na kumuuliza kila mgombea bila kujali rangi ya chama chake. Hata panapokuwa na jina moja tu, maswali yaulizwe na majibu yaandikwe, ili bajeti itakapojadiliwa mwakani tuwe na la kukumbushia. Yosefu alipokuwa Misri alijaza maghala wakati wa miaka ya shibe, kabla njaa haijafika. Tumwombe Mungu atujalie viongozi wenye hekima hiyo, nasi atujalie moyo wa kuwaunga mkono hekima yao inapotugharimu.