Watoto Wetu na Mashujaa Wanaoruka



Hivi karibuni mtoto wa miaka minane, mtaani kwetu hapa Mbeya, alipanda juu ya paa la jiko, akajifunga kanga ya mama yake mabegani, kisha akaruka. Aliamini kuwa ataelea hewani mfano wa shujaa anayemtazama kwenye runinga. Alivunjika mkono. Tulipokwenda kumjulia hali, alituuliza kwa nini yeye alianguka ilhali yule haanguki. Hatukumkaripia, kwani swali lake ni la kielimu na lastahiki jibu.

Mwili unaoanguka kutoka kimo cha mita 3 hufika chini kabla ya sekunde moja kutimia, ukiwa na kasi ya karibu kilomita 28 kwa saa. Mwavuli wa askari wa angani una makumi ya mita za mraba za kuzuia hewa. Kanga haifiki hata mita mbili.

Na yule mwenye nguvu za buibui? Tukimkuza mdudu mara 100 kwa kila upande, nguvu za misuli yake zitaongezeka mara 10,000, lakini uzito wake utaongezeka mara 1,000,000. Hatainua gari, miguu yake mwenyewe haitamstahimili.

Hata hivyo, tusiwacheke watoto. Mwaka 1905, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwaaminisha watu kwamba maji yake yatazigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Imani hiyo ilifika hata nyanda zetu. Mwezi Septemba mwaka huo, Wabena waliishambulia misheni ya Yakobi, Njombe, wakarudishwa nyuma kwa risasi. Dhulma waliyoipinga ilikuwa ya kweli, na ushujaa wao ulikuwa wa kweli. Kinga ndiyo haikuwa ya kweli, na gharama yake ilikuwa roho za watu.

Sisi Waislamu tuna mfano ulio bora zaidi. Katika vita vya Uhud, Mtume wetu Muhammad (SAW), kipenzi cha Mwenyezi Mungu, alivaa deraya mbili, moja juu ya nyingine. Pamoja na hayo alijeruhiwa usoni na jino lake likavunjika. Muujiza hutoka kwa Mwenyezi Mungu (SW), naye humpa Mtume Wake atakapo. Mja hauchumi kwa hirizi wala kwa vazi. Tuliyoachiwa sisi ni kushika sababu, kisha kutawakali.

Basi dereva anayeteremka Mlima Kitonga, mkoani Iringa, akiwa na hirizi chini ya kiti na breki zisizokaguliwa, ana tofauti gani na mtoto wetu wa kanga? Tofauti ni moja tu: yeye amebeba abiria.

Wazazi wenzetu, kuzima runinga pekee hakutoshi. Tuketi na watoto, tuwaulize: huyu ameshikwa na nini angani? Uzito wake umekwenda wapi? Mtoto aliyezoea kuuliza hivyo hataruka kutoka paani, na akiwa mtu mzima hatauziwa kinga ya uongo.

Mtoto wetu angali na plasta mkononi. Tumemwahidi kwamba ikitolewa, tutamfundisha kutengeneza tiara, ajionee kwa macho yake kile ambacho hewa inaweza kukibeba.

Wallahu a'alam.