Pua Si Kipimo cha Hatari

Nina dukuduku lililonikaa moyoni tangu muhula wa kwanza. Walimu wetu wapendwa na wanafunzi wenzangu, nawaomba mnisome hadi mwisho kabla ya kunihukumu, maana mkosaji wa kwanza katika habari hii ni mimi mwenyewe.

Siku hiyo tulikuwa tumemaliza jaribio la kemia, kipindi cha mwisho kabla ya chakula cha mchana. Mifereji ilikuwa mikavu, kama ilivyo desturi yake. Rafiki yangu, ambaye mimi na yeye ni chanda na pete, alikuwa na madoa ya pamanganeti vidoleni na alitaka kunawa upesi awahi foleni. Juu ya meza palikuwa na chupa ya soda ya plastiki, ndani yake mna kitu kiang'avu kama maji ya mvua. Haikuwa na lebo. Nikaifungua, nikanusa. Hakuna harufu! "Nawa bwana, ni maji haya," nikamwambia, nikammiminia mikononi.

Akacheka. "Mbona yanateleza kama sabuni?" Tukaona ni bahati, tumepata sabuni ya bure. Kisha akajifikicha jicho. Hamadi! Alipiga yowe ambalo mpaka leo nalisikia masikioni. Kumbe ilikuwa haidroksidi ya sodiamu, mabaki ya darasa lililotutangulia. Msaidizi wa maabara alikuja mbio na mtungi wa maji, akamwinamisha kichwa upande, akawa anamwagia jicho maji polepole bila kukoma kwa dakika 20 na zaidi, ndipo akapelekwa hospitali. Alikosa masomo wiki mbili. Jicho lilipona, namshukuru Mungu, lakini daktari alisema maji yale ndiyo yaliyoliokoa.

Nilipoitwa kujieleza, nilikuwa na neno moja tu: "Mwalimu, haikuwa na harufu." Nilitarajia kukaripiwa. Badala yake mwalimu wetu wa kemia alinyamaza kidogo, akasema kwamba hata wataalamu wenye shahada zao wamewahi kuhadaiwa na jambo lilo hilo. Akanipa kazi ya kusoma juu ya viyeyushi viitwavyo vimiminika vya ayoni, kisha niwaeleze wenzangu darasani. Niliyoyasoma ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Kiyeyushi ni kimiminika kinachoyeyusha vitu vingine. Tunavyovijua sisi ni kama spiriti, propanoni na etha. Hivi hugeuka mvuke upesi sana. Etha huchemka kwenye nyuzi 35 hivi za Selsiasi, na propanoni kwenye nyuzi 56. Mvuke wake huingia mapafuni, na ukikutana na moto, hata ulio mbali kidogo, hushika ghafla. Ni vitu vya hatari, lakini angalau vinapiga hodi: unavinusa kabla havijakudhuru.

Vimiminika vya ayoni ni ukoo mwingine kabisa. Hivyo ni chumvi. Naam, chumvi, ila si ile ya kutia kwenye sukumawiki! Chumvi ya jikoni huyeyuka kwenye nyuzi 801, kwa sababu ayoni zake zimepangana na kushikana barabara. Lakini zipo chumvi ambazo ayoni zake ni kubwa, na umbo lake haliziruhusu kujipanga vizuri. Hizo huwa majimaji hata chini ya nyuzi 100, na nyingine hata katika joto la kawaida la chumba. Mwaka 1914 mwanakemia Paul Walden alieleza juu ya chumvi moja iyeyukayo kwenye nyuzi 12 hivi tu. Mwaka 2002 wanakemia wa Marekani walionyesha kwamba baadhi ya vimiminika hivi huyeyusha selulosi, ile iliyojenga pamba na miti. Maji na spiriti haviwezi kazi hiyo.

Sasa sikilizeni hapa. Kwa kuwa ayoni hazitoki kirahisi kuwa mvuke, vingi vya vimiminika hivi havijazi chumba mvuke, wala havishiki moto upesi kama etha. Watu wakafurahi, wakavipa jina zuri la "viyeyushi vya kijani", yaani visivyodhuru mazingira. Wahenga nao walikwisha kusema, kimya kingi kina mshindo mkuu.

Mwaka 2003 wanakemia walionya kwamba kimoja kilichokuwa kikitumiwa sana, chenye florini ndani yake, chaweza kuvunjwa na maji na kutoa floridi ya hidrojeni. Hiyo ni asidi inayokula kioo. Ikiwa hafifu, hupenya ngozi bila kuuma mara moja, na maumivu huja saa kadhaa baadaye, wakati imekwisha kufanya kazi yake ndani. Tena majaribio ya viumbe wadogo wa majini yameonyesha kwamba baadhi ya vimiminika hivi huwaua, na kwamba kadiri mnyororo wa kaboni unavyokuwa mrefu ndivyo sumu huelekea kuzidi. Na mwaka 2018 watafiti wa Newcastle, Uingereza, walieleza kwamba kimoja wamekikuta katika udongo karibu na jaa la taka, wakashuku kuwa huenda ni miongoni mwa vianzishi vya ugonjwa fulani wa ini. Hawakusema wamethibitisha, lakini waliona inafaa kuchunguzwa.

Jambo lililonigusa zaidi ni dogo. Spiriti ikimwagika mezani hukauka ikaenda zake. Kimiminika cha ayoni hakikauki. Hukaa pale pale kama tone la mafuta, kikingoja mkono wa mtu atakayekuja baadaye. Kwa hivyo anayekitumia huvaa glavu na miwani ya kinga, hukipangusa mara kinapomwagika, huweka mabaki katika chombo chake maalumu wala hakimwagi kwenye sinki, na kabla ya yote husoma karatasi ya usalama inayokuja na chupa. Sisemi kwamba vyote ni sumu kali. Vipo vyenye madhara madogo. Nasema kila kimoja kiulizwe kwa jina lake. Na kitaulizwaje kama chupa haina jina?

Najua kuna watakaosema, "Ah, huyu naye! Shule yetu ya kutwa haina hata maji ya mfereji, atuletee habari za ayoni za Ulaya?" Ni kweli, vimiminika hivyo hatuna. Lakini kosa tunalo. Tunapima hatari kwa pua na kwa macho. Kikinuka, tunakikimbia. Kisiponuka, tunakiita maji. Kama waliosoma wakazeeka katika kemia walilazimika kujirudi, sisi wa kidato cha tatu tunajiamini kwa lipi?

Wengine watasema ajali haina kinga. Jamani, msemo huu tunautumia vibaya. Ile ya rafiki yangu ilikuwa na kinga tatu: lebo kwenye chupa, miwani usoni, na mimi kusema "sijui" badala ya kusema "ni maji". Hata Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka kemikali ziwekewe lebo. Na lebo ni kipande cha karatasi na gundi. Haihitaji harambee.

Kwa hivyo naomba mambo manne. Mosi, chupa yoyote isiyo na jina isitumiwe wala isinuswe. Ipelekwe kwa mwalimu. Pili, kemikali zisitiwe kamwe katika chupa za soda. Hili nawaambia hasa sisi tunaorudi nyumbani kila jioni, kwa maana hata kwetu mafuta ya taa hutiwa katika chupa hizo hizo, na mtoto mwenye kiu hajui kusoma rangi. Tatu, siku mifereji imekauka, mitungi ya maji ijazwe na iwekwe maabarani kabla ya jaribio kuanza. Maji yakikosekana, jaribio lisubiri. Ni heri tuchelewe silabasi kuliko mtu apoteze jicho.

La nne ni la chama chetu cha Kiswahili. Chupa nyingi zina lebo za Kiingereza kigumu, na mwanafunzi wa kidato cha kwanza huzipita tu kama anavyopita bango la uchaguzi wa zamani. Tangu mwaka 2003 Umoja wa Mataifa una alama za hatari zinazotumika nchi nyingi: fuvu la kichwa, moto, mkono unaounguzwa. Sisi tuandike chini ya alama hizo maneno ambayo kila mtu anaelewa: HUUNGUZA NGOZI. HUSHIKA MOTO. USIMWAGE KWENYE SINKI. Kiswahili kimetupa mashairi na mijadala siku za Ijumaa. Kwa nini kisilinde macho yetu pia?

Rafiki yangu amenisamehe, na bado tunatembea pamoja hadi njia panda kila jioni. Lakini tukiingia maabarani yeye huniuliza kwa mzaha, "Leo umenusa nini?" Mimi hucheka naye, kisha huenda kutafuta lebo. Nimekwisha kuanza kuziandika. Hadi naandika haya nina 17, na mwandiko wangu si mzuri. Anayeandika vizuri kunishinda anitafute, tumalize rafu zote kabla ya muhula kufungwa.