Mgambo Naye Alikuwa na Maisha Yake



Vita vya Kagera vikitajwa, tunasikia Nyerere na Idi Amin tu. Mimi namkumbuka mjomba wangu, kaka yake mama, ambaye sikuwahi kumwona. Alikuwa fundi cherehani Tabora, na mgambo. Uganda ilipovamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, maelfu ya mgambo waliitwa kuongeza nguvu JWTZ, naye akiwemo. Aliacha suruali ya mteja haijamalizwa. Kampala ilitekwa Aprili 11, 1979. Yeye hakurudi.

Kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, viongozi huweka mashada. Ni jambo jema. Na pale Kaboya, Muleba, yako makaburi ya askari wa vita ile. Lakini kaburi halielezi kwamba mtu alikuwa fundi, wala nani alimlilia.

Mama yuko nami hapa Ibra, na kumbukumbu zinampotea. Mimi ni muuguzi, nimeona wazee wengi wakiondoka na habari zao. Rai yangu: tuwaulize sasa, tuandike jina, mtaa na kazi ya kila aliyekwenda. Tusingoje serikali.

Mungu awarehemu wote.