FILDI YA SHERIA: KIMEMO KWANZA, ELIMU BAADAYE?

Ndugu msomaji, siku moja ya mwezi wa saba panda daladala asubuhi ushuke Posta. Tembea taratibu kuelekea Samora, kisha kata mtaa wowote wenye vibao vya mawakili. Utawaona tu. Ni vijana wa kiume na wa kike, shati jeupe limepigwa pasi ya mkaa, tai ya kuazima, bahasha ya kaki kwapani. Viatu vinang'aa juu, lakini soli imekwisha upande mmoja. Usidhani ni mawakala wa bima. Ni wanafunzi wa sheria, wanatafuta fildi.

Ndani ya bahasha mna barua ya chuo. Inamwomba mwenye ofisi ampokee mwanafunzi huyu kwa wiki kadhaa ajifunze kazi kwa vitendo. Barua ina nembo, ina mhuri, ina sahihi ya mkubwa wa kitivo. Tatizo ni kwamba barua hiyo haina miguu. Inabebwa na mjomba. Asiye na mjomba anaiacha kwa sekretari, anaambiwa "acha namba, tutakupigia", na simu hiyo, msomaji wangu, haitapigwa mpaka Kiyama.

Mwenye mjomba je? Huyo hata barua hana haja nayo. Mjomba anaandika kimemo mistari miwili, au siku hizi anatuma ujumbe wa simu: "Mpokee kijana wangu." Basi! Jumatatu kijana ana meza, ana kiti kinachozunguka, anapelekwa mahakamani kwenye gari la wakili, anashikishwa faili. Wametoka darasa moja na yule wa bahasha ya kaki. Pengine huyu wa bahasha ndiye aliyekuwa anamfundisha mwenzake usiku wa kuamkia mtihani. Lakini fildi haiulizi nani anajua. Inauliza nani anajulikana.

Tulidhani mambo ya vimemo yalizikwa pamoja na foleni za sukari za miaka ya themanini. Kumbe yalihamia kwenye elimu!

Sasa tuseme huyu kijana wetu wa Mbagala amebahatika. Baada ya kuzunguka ofisi kumi na tano, moja imempokea. Je, anafanya nini humo ndani? Vijana wenyewe wanasimulia. Anatumwa chapati na supu. Anatumwa kutoa fotokopi. Anapanga mafaili ya mwaka juzi kwa herufi, kisha anaambiwa ayapange upya kwa namba. Nauli ya kutoka Mbagala mpaka mjini na kurudi ni yake mwenyewe, mchana anashindia mihogo, na jioni anaulizwa kwa nini kesho asiwahi zaidi. Zikiisha wiki zake, wakili ambaye hajawahi kuzungumza naye dakika tano anachukua kile kitabu cha kumbukumbu za fildi na kukisaini kurasa zote kwa mpigo, "amejifunza vizuri sana".

Na wapo wanaosainiwa bila kukanyaga ofisi kabisa. Kitu kidogo kinapita, kitabu kinarudi kimejaa mihuri. Tusijidanganye, kijana aliyeanza safari ya sheria kwa kununua sahihi atakuja kuuza nini akiwa hakimu?

Pengine utasema, "Ndugu mwandishi, mimi ni fundi simu Kariakoo, mambo ya wanafunzi wa sheria yananihusu nini?" Yanakuhusu sana. Subiri nikueleze.

Sheria si kukariri vifungu. Vifungu vimo vitabuni, mwenye macho anavisoma. Kazi ya wakili ni kujua karatasi ipi iende wapi, lini, na imeandikwaje. Chukua mfano wa mtu aliyefukuzwa kazi kwa uonevu. Sheria zetu za kazi zinamtaka apeleke lalamiko lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA, ndani ya siku 30 tangu afukuzwe. Siku 30 tu! Akichelewa, kabla ya kusikilizwa juu ya uonevu wenyewe, anaanza kujieleza kwa nini amechelewa. Mwanafunzi aliyekaa fildi ya kweli amewaona watu wa namna hiyo wakilia kwenye korido, na somo hilo halitamtoka maishani. Mwanafunzi aliyekaa kupanga mafaili alilisoma kwenye notsi, akalijibu kwenye mtihani, akalisahau.

Siku utakapofukuzwa wewe, utamwendea yupi?

Tuje sasa kwenye jambo lililoshtua nchi. Kwa wasiojua, digrii ya sheria peke yake haikufanyi wakili. Kuna chuo kingine cha kupita, Shule ya Sheria kwa Vitendo, ambayo wengi wanaiita Law School, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007 na kupokea wanafunzi wa kwanza mwaka 2008. Kabla ya hapo wahitimu walipitia mafunzo yaliyosimamiwa na ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Mwezi wa kumi mwaka 2022 yakatangazwa matokeo ya kundi moja la wanafunzi wa shule hiyo. Waliofanya mtihani walikuwa 633. Waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Watu 342 wakatakiwa kurudia baadhi ya masomo, na 265 wakaambiwa safari yao imekwisha.

Ishirini na sita! Ni kama wanne katika kila mia.

Kelele zilipigwa kila kona. Wapo waliosema vijana wa siku hizi ni wavivu. Wapo waliosema Kiingereza ndicho kilichowaua. Wapo waliovilaumu vyuo vikuu, wengine wakailaumu shule yenyewe kwamba inakamia wanafunzi. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Dakta Damas Ndumbaro, akaunda kamati chini ya Dakta Harrison Mwakyembe ichunguze. Yote hayo ni sawa, kila kelele ina kipande chake cha ukweli.

Lakini mimi nauliza swali la kijiweni. Shule ile imeitwa ya "vitendo". Wale 633 walipofika pale, wangapi walikuwa wamewahi kushika hati ya madai halisi, ya mtu halisi, mwenye shamba halisi lililoporwa? Wangapi walikuwa wamewahi kuandika kiapo kikasomwa na wakili akakikatakata kwa kalamu nyekundu na kuwaambia "rudia"? Ukimfundisha mtu kuogelea ubaoni kwa miaka minne, siku ukimtupa baharini usishangae akizama. Chujio la mwaka 2022 halikuanzia kwenye chumba cha mtihani. Lilianzia kwa sekretari aliyesema "acha namba".

Mawakili nao wana utetezi wao, na haki inataka tuwasikilize. Wanasema ofisi nyingi ni chumba kimoja na feni moja. Wanasema siri za wateja haziwezi kuachwa mezani mbele ya kila anayekuja na barua. Wanasema wanafunzi wamekuwa wengi, vyuo vya sheria vimeongezeka, nao wakiwapokea wote hawatafanya kazi. Hoja hizo ni za kweli. Mwaka 1961, Kitivo cha Sheria kilipofunguliwa pale Mtaa wa Lumumba katika jengo la TANU, wanafunzi walikuwa hawazidi kumi na watano. Kuwatafutia nafasi kumi na tano ni kazi ya simu chache. Leo ni maelfu.

Lakini basi, kama nafasi ni chache, ndiyo sababu kubwa ya kuzigawa kwa haki! Kitu kikiwa kingi hata mgawaji mwizi hatudhuru. Kikiwa haba ndipo tunapodai foleni. Na siri za wateja mbona hazivuji kwa kijana wa mjomba? Au siri zinawaogopa watoto wa Mbagala tu?

Wenzetu wanafanyaje? Tuanze na Uingereza, ambako sheria zetu nyingi zilitoka. Huko zamani kijana aliyetaka kujifunza kazi kwa wakili alilipa yeye, baba akatoa fungu la fedha ili mwanawe apokelewe. Ilikuwa kazi ya watoto wa wenye nacho. Baadaye ikawa mikataba ya mafunzo ya miaka miwili yenye mshahara, nayo ikawa ya kugombaniwa kufa na kupona. Mwezi wa tisa mwaka 2021 wakabadilisha. Sasa anayetaka kuwa wakili wa aina ya solicitor bado anahitaji miaka miwili ya uzoefu, lakini anaruhusiwa kuikusanya katika ofisi zisizozidi nne, na kazi za kliniki ya msaada wa kisheria aliyoifanya akiwa mwanafunzi inaweza kuhesabiwa. Yaani yule aliyewasaidia maskini kuandika barua za kodi ya nyumba, kazi yake ina uzito mbele ya sheria sawa na ya aliyekaa kwenye jengo la vioo.

Sisemi tuwaige Waingereza kila kitu. Tumeiga vya kutosha, hata mawigi tuliwahi kuvaa kwenye joto hili. Ila hili lina maana kwetu. Tunayo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inayowatambua wasaidizi wa kisheria. Mwaka 2023 serikali ikazindua kampeni ya msaada wa kisheria ya kuzunguka mikoani. Nani asiyejua watu wanavyojazana kwenye mabanda hayo, mjane na hati yake ya mirathi, mzee na kiwanja chake? Kazi ipo tele, wafanyakazi hawatoshi, na huku vijana wenye bahasha wanatembea juani Samora. Hivi kuwakutanisha hawa na wale kunahitaji mkopo wa Benki ya Dunia?

Mimi napendekeza mambo manne, na wakubwa wasinune.

Kwanza, kila ofisi ya umma inayopokea wanafunzi wa sheria, zikiwamo mahakama na halmashauri, itangaze mapema idadi ya nafasi zake ukutani na kwenye mtandao, na ibandike majina ya waliopata. Kimemo kinaogopa ukuta.

Pili, Chama cha Mawakili wa Tanganyika, kilichokuwapo tangu 1954, kiwe na daftari la mawakili walio tayari kupokea wanafunzi, ili kijana asipige hodi milango hamsini kubahatisha.

Tatu, saa za kufanya kazi kwenye vituo vya msaada wa kisheria vihesabiwe kuwa fildi kamili na kila chuo, bila kumwona aliyezifanya kama aliyekosa pa kwenda.

Nne, anayesaini kitabu cha fildi cha mtu asiyemfahamu, ashitakiwe kwa maadili ya kazi yake. Sahihi ya wakili ni kiapo, si karanga za kuuzwa kwa fungu.

Na wewe kijana mwenye bahasha, wakati tunawasubiri wakubwa waamke, usikae kijiweni kulaumu mjomba usiyekuwa naye. Barua zako zipeleke mwezi wa kwanza au wa pili, usingoje mwezi wa saba wakati wenzako wameshakaa. Usiandike "kwa yeyote anayehusika", tafuta jina la mwenye ofisi, eleza kwa aya mbili unaweza kufanya nini. Usikimbilie Posta tu. Wakili wa Temeke, wa Kibaha au wa Morogoro mwenye kesi za mashamba na mirathi atakufundisha mengi kuliko jengo lenye lifti. Nenda Kisutu ukasikilize kesi, mahakama ya wazi haina kiingilio, kaa nyuma na daftari lako, uone jinsi shahidi anavyobanwa. Hukumu za mahakama zetu zimewekwa bure kwenye mtandao wa TanzLII, zisome kama unavyosoma habari za Simba na Yanga. Na ukitumwa chapati, nenda, lakini ukirudi uliza: "Mheshimiwa, naomba nisome faili la leo." Ukinyimwa mara tatu, hama.

Narudi kwa yule fundi simu wa Kariakoo. Ndugu yangu, wale 265 walioambiwa safari imekwisha hawakuyeyuka hewani. Kijana mwenye njaa na digrii ya sheria ana pa kwenda. Ukipita nje ya mahakama zetu unawaona vishoka chini ya mti, wanaandika nyaraka wasizokuwa na ruhusa ya kuziandika, wanakula fedha za wajane, kesi zinatupwa kwa makosa ya karatasi. Kila mlango tunaoufunga kwa kimemo tunaongeza mtu mmoja chini ya ule mti. Siku ukipata kesi, bwana fundi, utamkuta pale anakungoja.

Kwa hiyo kesho asubuhi ukimwona kijana wa bahasha ya kaki ndani ya daladala, msogelee kidogo apate pa kushika. Na wewe uliyemo ndani ya ofisi yenye feni, unayesoma gazeti hili kwa kujificha, kuna barua kwenye droo ya sekretari wako tangu mwezi wa tano. Ifungue. Mwenye nayo bado hajapigiwa simu.